Mbuzi Niliyemrudisha

Mwende wangu,

Hali yako sitakuuliza, maana nimekuona sasa hivi ukikata kona ya ua na gambuti zako, ukienda kwa jirani yetu Koko kuaga. Najua hutarudi kabla mbuzi wake hawajakamuliwa. Basi niko na mchana huu wote peke yangu. Cherehani nimeifunika, baba yako bado yuko kazini kwenye shamba la maua kule Isinya, na mimi niko na swali lako la asubuhi.

Uliliuliza ukinywa chai, hata kikombe hukuweka chini. "Mama, kesho nataka kwenda Entarara peke yangu. Unakubali? Utaniambia nikirudi kutoka kwa Koko." Nikasema sawa. Haikuwa sawa. Nilienda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Unaona mwenyewe pale mlangoni kuna mizigo miwili, wako na wangu. Unajua nimekodi chumba huko Entarara, karibu na lile shamba la mbuzi wa maziwa utakakofunzwa kazi mwaka mzima, na wateja wangu wa yunifomu nimemwachia mama wa kibanda cha pili. Hayo yote niliyapanga bila kukuuliza. Nilikuja tu kukuambia yakiwa yameshakwisha.

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia utanihurumia, na ukinihurumia utasema haya, Mama, twende. Nakujua. Kwa hivyo kaa usome. Mambo ya dawa, sweta na baridi ya mlimani sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akahamia nje na redio yake.

Nianze na siku tuliyokutana, kwa sababu hiyo hadithi nimekusimulia nusu miaka yote. Huwa nasema tulikuja pale makao ya watoto Kajiado, tukakuona, tukakupenda, tukakuchukua. Imekaa vizuri kuambia watu kanisani. Ukweli ni kwamba tulikuja kuona mtoto mwingine, kavulana kachanga. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na mimi nilitaka wa kubeba mgongoni, wa kunuka maziwa.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya veranda, unapigana na kiatu. Ulikuwa wa miaka kama minne. Mkono wa kushoto umejikunja kifuani, kichwa kinaenda huku na huku, na kiatu kila ukikikaribia kinakukimbia. Nikatazama. Nikatazama tena. Halafu nikashindwa, nikainama nikushikie, na wewe ukanisukuma mkono kwa kiwiko. Ukaniangalia kama mwenye nyumba anavyomwangalia mtu aliyeingia bila kubisha hodi, kisha ukarudi kwa kiatu chako. Mama mlezi alikuja kutuita tukaone yule mchanga, nikamwambia angoje kidogo. Ulikivaa mwishowe. Ulikivaa mguu usio wake, lakini ulikivaa.

Nikamwambia baba yako, "Huyu."

"Huyu vipi?"

"Huyu mwenye kiburi."

Walitukalisha ofisini wakatueleza kila kitu, kwamba una CP, mtindio wa ubongo, kwamba si ugonjwa wa kupona, kwamba huenda ungetembea na huenda usingetembea, na maneno yangechelewa. Hakuna aliyetudanganya. Mimi niliuliza maswali mengi ya hospitali. Baba yako aliuliza moja tu: "Anapenda nini?" Wakaangaliana. Nafikiri ni hapo ndipo baba yako naye alipoamua.

Sasa sikia, mwanangu. Mimi nilikupenda kwa ajili ya kile kiwiko. Halafu nikakuleta nyumbani na nikatumia miaka kukifunga.

Sikufanya kwa ubaya, lakini nilifanya. Mimi ni fundi, basi nguo zako zote nilizishona na lastiki ili usihangaike na vifungo. Ulipoanza kwenda shule nilikuvalisha mpaka soksi, na ulikuwa mkubwa tayari. Ukianza neno, mimi namaliza. Ukisema "Na...", mimi nishawaambia wageni anataka maji. Siku nyingine hata hukutaka maji. Ulikunywa tu. Mpaka leo nikisikia komeo la geti likigongwa naacha kazi na kukimbia kukufungulia, kwa sababu ni gumu na linakusumbua mkono. Baba yako aliwahi kutaka kulipaka grisi nikamwambia haina haja, niko.

Ni midomo ya watu iliyonitia hofu. Shangazi wa baba yako alitoka Makueni akaja kutupa pole kana kwamba tumefiwa. Alikaa kwenye kochi langu, akala kuku wangu, akasema, "Mtu akichukua mtoto wa mwenzake huchukua mzima. Nyinyi mmejitafutia mzigo." Nikamwambia mzigo ni ule aliokuja nao kwenye kiondo, na ajiandae kuubeba kesho asubuhi. Nilijisikia nimekutetea. Lakini tangu siku hiyo sikutaka tena mtu yeyote akuone ukianguka, au ukimwaga uji, au ukichafua nguo. Nilitaka wakikutazama wakose la kusema. Nilikuwa natunza jina langu, Mwende, na nikiita hiyo kazi kukutunza wewe.

Hata kanisani. Kila Jumapili wale akina mama walikuwekea mikono kichwani wakiomba upone, nami nasema amina kubwa kuliko wote. Mpaka ile Jumapili ukaniuliza njiani, ukisukuma neno moja moja, "Mama, nani aliwaambia mimi ni mgonjwa?" Nikasema tutembee haraka, mvua inakuja. Hakukuwa na wingu hata moja Kitengela nzima.

Basi tuje kwa Koko Nashipae. Unampenda kuliko wengi wetu, na nilikuwa na wivu naye, wacha niseme tu. Tulipojenga hapa yeye alikuwa jirani yetu wa pekee, yule nyanya Mmaasai wa boma la upande ule wa korongo, kabla ploti hazijauzwa na mawe ya mipaka kujaa kila mahali. Mara ya kwanza kukusalimia alinyoosha mkono akuguse kichwani kama wanavyosalimia watoto wao. Kichwa chako kikakwepa, si kwa kupenda. Watu wengine hurudisha mkono wakiona aibu. Yeye aliuacha pale hewani, akaendelea kuongea nami habari za ukame, hadi kichwa chako kilipofika chenyewe kwenye kiganja chake. Niliona. Sikujifunza kitu.

Ulikuwa wa kama miaka kumi na moja ulipoanza kupotea jioni. Unasema uko nyuma ya nyumba, nikitoka hupo. Siku moja nikafuata alama za gambuti zako kwenye matope, yale matope meusi ya kwetu yasiyoficha mtu, mpaka bomani kwa Koko. Nikakukuta umepiga magoti chini ya mbuzi. Paji la uso umelikandamiza ubavuni mwake, mkono wa kushoto umebana mguu wake wa nyuma, na wa kulia unakamua. Kichwa kilichokuwa hakitulii hata ukilala kilikuwa kimetulia pale. Maziwa mengine yalikuwa yanaingia kwenye mkebe, mengine yote kwenye sketi.

Na mimi, badala ya kusimama nione mtoto wangu akifanya kazi, nikaona sketi. Nikaja mbio nikachukua mkebe.

"Wewe Mama Mwende," Koko akasema bila kuinuka, "kaa chini. Hii maziwa ni ya mbuzi yangu. Kama inamwagika, inamwagikia mimi."

"Ataumia, Koko."

"Ameumia sana. Ameanguka, amepigwa teke. Amerudi kesho yake. Wewe ulikuwa wapi?"

Sikupenda kuulizwa. Nilikushika mkono tukaenda.

Siku iliyofuata Koko akaja mwenyewe, akivuta kwa kamba mbuzi jike mweupe mwenye madoa ya kahawia, yule yule. Hakunipa mimi. Alikuita wewe, akakuwekea kamba mkononi, akakufungia vidole vyako juu yake kimoja kimoja. Akakuita jina ambalo sikulijua, Pakine, nawe ukalirudisha. Lilitoka lote bila kukwama, na mimi nikiwa nimesimama hapo mlangoni na futi yangu ya kupimia shingoni, nikisikia damu ikinipanda.

Unajua kwa nini ilinipanda? Kwa sababu kila tulipoenda sokoni mjini, hakukosekana mtu wa kukutia sarafu mkononi bila hata kukusalimia. Wewe umesimama na mama yako, umevaa vizuri, na mtu anakupa shilingi kama ombaomba. Nilizirudisha zote. Niliwatupia wengine. Basi nilipoona mbuzi nikaona sarafu kubwa yenye miguu. Nikasema moyoni, kumbe huyu nyanya naye ni kama wao.

Koko alipoondoka tu, nikakutoa kamba mkononi. Ulishikilia. Nilikushinda nguvu, Mwende. Nilikufungua vidole alivyovifunga yeye, na nikamkokota yule mbuzi mpaka bomani kwake. Nikamwambia asante, lakini mtoto wangu hakosi chochote, haombi na haonewi huruma. Koko aliipokea kamba. Akasema, "Sawa, mama." Akageuka.

Ulinyamaza baada ya hapo. Maneno yako yote nilikuwa nayajua tangu yalipokuwa sauti tu. Nilikuwa nimeyangojea kama mvua, na sasa ukayafunga yote. Chakula ulikula, shule ulienda, ukiulizwa unatikisa kichwa. Nilikasirika kwanza. Kisha nikaogopa.

Ni baba yako aliyeuliza. Kule kwenye maua anafanya kazi na vijana wa Kimaasai, akawasimulia habari ya mbuzi kama kituko, akidhani watacheka. Hawakucheka. Jioni alikuja akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akaniambia polepole. Kwao mtu akikupa mnyama, nyinyi wawili mnaacha kuitana majina yenu. Mnaitana kwa huyo mnyama, maisha yenu yote. Wa mbuzi huitana Pakine. Na hiyo haipewi mtu wa kuhurumiwa, anapewa mtu ambaye umeona ni mtu kamili kama wewe, anayeweza kufuga na kesho akakupa naye. Kumrudisha mbuzi ni kumwambia aliyekupa kwamba humtaki.

"Na si wewe uliyepewa," baba yako akasema. "Ulirudisha cha mwenyewe."

Nililala vibaya sana. Kesho yake nilifunga sukari na majani ya chai, nikachukua na shuka niliyokuwa nimeipinda vizuri kingo zake, nikaenda kwa Koko. Nilijifunza njiani maneno ya kuomba msamaha kwa Kimaasai na nilipofika yakapotea yote. Alinikaribisha kwa chai ya majani yangu mwenyewe. Akanisikiliza mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema, "Mimi hukunikosea. Yule hakuwa mbuzi yangu tena. Ulimnyang'anya Mwende. Enda umwambie yeye."

Kuomba msamaha kwa mtu mzima ni kazi. Kwa mtoto uliyemvalisha soksi asubuhi hiyo hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nilikaa chini sakafuni nikakuambia nilikosea, nikaeleza kwa nini. Ukafungua mdomo. Neno la kwanza likaja, la pili likakwama, na Ngai ndiye shahidi wangu, nililijua hilo neno, lilikuwa limenikaa kwenye ncha ya ulimi. Nikauma ulimi. Nikangoja. Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza ambayo sikukumalizia, na iligeuka kuwa siyo ile niliyodhani. Nilidhani utasema nimekusamehe. Ulisema, "Nitamleta mwenyewe. Usinishike."

Tukatoka. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika kila mguu. Koko akakupa kamba tena, wewe mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma. Ulianguka kwenye korongo. Ulianguka tena pale kwenye waya wa jirani, na mbuzi akakukokota kidogo. Mikono yangu nilikuwa nimeifungia nyuma kwa leso, ili isikimbilie kukushika. Kila ukianguka nililia kimya kimya. Ulifika nyumbani ukiwa matope mpaka nyusi, ukanigeukia ukicheka. Sijawahi kuona mtu mrembo hivyo. Ulipoanguka yule shangazi hakuwepo, na hata angekuwepo ningemwambia atazame vizuri.

Ningependa kukuandikia kwamba tangu siku hiyo nilibadilika. Hapana. Nilibadilika kwa mbuzi tu. Kwenye mbuzi nilikuachia, ukakamua, ukazalisha, ukampoteza mmoja kwa fisi na ukalia na kuendelea, majirani wa ploti mpya wakaanza kuja na chupa zao kuulizia maziwa ya Mwende. Lakini komeo la geti niliendelea kulifungua mimi. Na wale watu wa Entarara walipokuja kuona mbuzi wako, wakakuuliza maswali, nusu ya majibu niliyatoa mimi. Nilikuona ukinyamaza. Nikajiambia una haya.

Halafu wiki iliyopita. Ulikuja jioni kwenye kibanda changu cha kushonea hapa uani na yule mwana-mbuzi jike, mjukuu wa yule mweupe, umemkumbatia kwa mkono wa kushoto, ule ule waliosema hautafaa kitu. Ukamweka juu ya vitambaa vyangu vya yunifomu. Ukasema, "Mama, huyu ni wako. Nakupa."

Nikacheka, mwanangu. Nikasema, "Sasa unanipaje? Si mbuzi wote ni wa nyumba hii? Mtoe, atanikojolea vitambaa." Ukasimama kidogo kama mtu anayengoja kitu. Kisha ukamchukua ukaenda naye.

Leo asubuhi, nilipokuwa nasugua ile sufuria, baba yako alikuja kuchukua koti lake akanikuta. Alisema tu, "Mtu amekupa mbuzi, ukacheka." Akaenda zake kazini. Tangu saa hiyo sijatulia.

Nimekuelewa, ingawa nimechelewa. Hukuwa unaniachia mbuzi wa kukutunzia. Ulikuwa unaniomba nikuite kama Koko anavyokuita. Umekuwa mtoto wangu tangu kwenye ile veranda na hilo halina mtu wa kuliondoa. Ulitaka na lile jingine, la watu wawili ambao mmoja anampa mwenzake na mwenzake anapokea. Nami nikamrudisha mbuzi mara ya pili.

Sasa jibu lako. Mzigo wangu nimeufungua, nguo zimerudi kabatini. Nimempigia simu mwenye chumba nikamwambia amtafute mtu mwingine. Koti lako la kazi, ambalo nilikuwa nimelitia lastiki kiunoni na kifuani, nimelifumua lote nikalitia vifungo. Vitakusumbua asubuhi. Utachelewa siku nyingine, na watu watakungoja au hawatakungoja, na kuna siku utaanguka mahali nisipojua na nani atakuinua sijui. Ninaogopa, sitakuficha. Lakini hofu ni yangu, nitabaki nayo hapa Kitengela, na wewe utaenda peke yako.

Yule mwana-mbuzi nimemtoa kwenye banda nikamfunga hapa karibu na kiti changu. Amekojoa kitambaa cha yunifomu, kama nilivyosema. Ni wangu, nimempokea, na atakapozaa, mwana wake wa kwanza nitakuletea wewe huko.

Ngoja. Nasikia mtu kwenye geti. Ni wewe, unapigana na komeo. Miguu yangu imeshainuka na nimeirudisha chini. Limekwama tena, nasikia unavuta. Nimekaa. Nimekaa hapa na mbuzi wangu, ninakungoja uingie.

Pakine